Gemu yenye alama ya njano: jinsi ya kusoma hukumu ya wahakiki

Mwanafunzi wa kidato cha nne akipata 70 kwenye mtihani wa taifa ana B, na hata 45 ni C, hakuna mzazi atakayemgombeza sana. Mtu aliyekulia kwenye maksi hizo akikuta gemu imepewa 70 mtandaoni anaona imefanya vizuri, kumbe aliyeitoa alama hiyo alimaanisha kwamba ni ya kawaida na ina walakini. Wahakiki wengi wanaosomwa duniani ni Wamarekani au wamefuata mizani yao, na katika shule nyingi za Marekani ukishuka chini ya 60 umefeli. Naamini hiyo ni sehemu kubwa ya sababu ya alama za gemu kubanana kati ya 60 na 95, huku nusu nzima ya chini ikiachiwa gemu zilizoharibika kabisa.

Mimi nahakiki gemu kwa Kiswahili nikiwa Mtwara mjini, na wanaonisoma wengi ni wenye vibanda vya PS (PlayStation) na vijana wanaoshinda humo. Gemu kubwa zenye 90 na kitu hazinipi kazi, kila mtu anazijua. Swali ninaloulizwa kila mara linahusu zile za katikati, zinazouzwa diski zilizotumika kwa bei nafuu.

Chombo kinachotajwa zaidi ni Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Inakusanya hukumu za wahakiki, inazigeuza ziwe alama kati ya 0 na 100, kisha inatoa wastani. Wastani wenyewe una mizani ya ndani: baadhi ya magazeti na tovuti hupewa uzito mkubwa kuliko nyingine, na uzito huo haujatangazwa. Kwa upande wa gemu, kuanzia 75 ni kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya hapo ni nyekundu. Kwa filamu kijani kinaanzia 61. Kwa hiyo filamu yenye 65 inang'aa kijani na gemu yenye 65 inapigwa njano, ndani ya tovuti ileile. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mnunuzi asiogope njano kabla hajasoma maneno.

Humo kwenye njano zinaishi gemu zisizofanana hata kidogo. Chukua Deadly Premonition ya mwaka 2010. Tovuti ya gemu ya IGN ya Marekani iliipa 2 kati ya 10. Tovuti nyingine, Destructoid, iliipa 10 kati ya 10. Wote wawili walicheza gemu ileile: mpelelezi anafika kwenye mji mdogo kuchunguza mauaji, picha zake zimepitwa na wakati, gari linaendeshwa kwa shida, na mapigano yanachosha. Mmoja alihesabu kasoro hizo na kuona hakuna kilichobaki. Mwingine akaona kwamba mji ule una uhai wake, wakazi wana ratiba zao za kula na kulala, na mpelelezi anaongea na nafsi yake kwa namna ambayo hakuna gemu nyingine imewahi kufanya. Guinness waliiingiza kwenye rekodi zao kama gemu ya kutisha iliyowagawa wahakiki kuliko zote. Sasa tafuta wastani wa hukumu za namna hiyo. Utapata alama ya katikati ambayo haielezi maoni ya yeyote kati ya wale wawili.

Kuna nyingine zilizo njano kwa sababu ya tarehe. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 ikiwa pungufu ya ilivyotarajiwa, ikapata alama za katikati, kisha watengenezaji wake, Hello Games, wakaifanyia apdeti kubwa mwaka baada ya mwaka mpaka ikawa gemu nyingine kabisa. Metacritic huchukua alama ya kwanza ya kila gazeti au tovuti na haiibadilishi. Hukumu ya 2016 bado ipo pale pale juu ya gemu ambayo haipo tena. Na zipo zile ambazo kweli ni za wastani, zimetengenezwa kwa usafi, hazikwami, na ukizizima hukumbuki hata jina la mhusika. Hizo sina la kuzisemea.

Niingie kibandani, maana huko ndiko hukumu inakopimwa. Mwenye kibanda mmoja pale Chikongola, mtu mzima aliyenizidi umri, alinionyesha kwenye simu ukurasa wa Jump Force ya 2019, gemu ya ngumi inayowakutanisha Goku, Naruto, Luffy na wenzao.

"Mjomba, hii ina hamsini na kitu. C hiyo. Niinunue au niiache?"

Nikamwambia, "Mjomba, hebu tusome wamelalamikia nini kwanza."

Tukasoma. Walilalamika kwamba stori ni dhaifu na wahusika wamesimama kama magogo wakati wa mazungumzo. Akasema stori haimhusu, vijana wake hawajawahi kuacha mazungumzo yakafika mwisho. Walilalamika kwamba badala ya menyu ya kawaida unaingia ukumbini na kutembea hadi kaunta ili uchague pambano. Hapo akakunja uso. Kisha wakalalamika kwamba gemu inalodi kwa muda mrefu kabla ya kila pigano, na hapo akaweka simu chini. Mteja wake hulipa kwa mechi, nyuma yake kuna wengine wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, na umeme wa luku unakimbia iwe watu wanapigana au wanatazama skrini nyeusi. Mhakiki aliyecheza peke yake sebuleni aliitaja kasoro ile kwa sentensi moja, kama kero ndogo. Kwa kibanda ndiyo kasoro nzito kuliko zote. Kwa upande mwingine, wapiganaji 40 tangu siku ya kwanza, wengi wao wakiwa wanajulikana na kila mtoto anayeangalia katuni za Kijapani, ni mvuto ambao wahakiki waliupita haraka. Kuna jambo lingine ambalo wahakiki wa 2019 wasingeweza kulijua: Februari 2022 gemu hiyo ilisimamishwa kuuzwa mtandaoni na baadaye seva zake zikafungwa, lakini mwenye diski bado anawapiganisha watu wawili kwenye kochi bila bando.

Alinunua. Nilimshauri hivyo, na nilimshauri pia aiweke kwenye televisheni ya pembeni, siyo ile ya mechi za mpira ambako foleni ni ndefu.

Mhakiki wa ng'ambo si mwongo. Anapewa nakala mapema kwa masharti ya kutochapa kabla ya tarehe fulani, anaikimbiza gemu ya saa 30 au 40 ndani ya siku chache, na akifika kwenye misheni ya kumi inayofanana na ya tisa anachoka kwa haki kabisa. Neno "inajirudia" limejaa kwenye hakiki za njano kwa sababu hiyo. Anayecheza saa moja jioni baada ya kazi hakutani na kurudia huko kwa ukali uleule. Mhakiki mzuri anajua hilo na anakwambia alicheza vipi. Mimi nikisoma hakiki isiyosema ilichezwa kwenye mashine gani na mpaka wapi, naifunga.

Alama hizi zina uzito kwa watu wengine pia. Obsidian waliotengeneza Fallout: New Vegas ya 2010 walikuwa na mkataba wa bonasi endapo gemu ingefika 85 kwenye Metacritic. Ilipata 84. Chris Avellone wa Obsidian ndiye aliyelisema hilo hadharani mwaka 2012. Na Novemba 2007 Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya GameSpot, aliipa Kane & Lynch 6 kati ya 10 wakati tovuti yao imejaa matangazo ya gemu hiyohiyo, akafukuzwa kazi. Miaka ilipopita alieleza kwamba shinikizo la watangazaji lilihusika. Namheshimu sana mtu huyo. Kutoa 10 ni rahisi, kutoa 2 kunakupa umaarufu, lakini 6 haimfurahishi yeyote: mashabiki wanakutukana, kampuni inanuna, na wewe unabaki na kazi ya kueleza kwa uangalifu ni nini kimefanya kazi na nini hakikufanya.

Gemu ya njano ninayoitetea kuliko zote ni Days Gone ya 2019, yenye 71, ya mwendesha pikipiki anayejiokoa kwenye nchi iliyojaa watu walioambukizwa virusi. Shirika la habari la Bloomberg liliripoti mwaka 2021 kwamba pendekezo la toleo la pili lilikataliwa, sababu mojawapo ikiwa mapokezi mchanganyiko ya wahakiki. Walisema inaanza polepole, ni ndefu mno, na ilitoka na hitilafu nyingi. Yote ni kweli, ila hitilafu nyingi zilirekebishwa baadaye. Lakini pikipiki! Tangi dogo, mafuta yanaisha katikati ya msitu, unashuka kutafuta dumu huku unasikiliza vichaka. Dereva yeyote wa boda anayetoka Mtwara kwenda Newala ataielewa hofu hiyo bila kufundishwa. Kisha baada ya saa nyingi unafika kwenye kiwanda cha mbao, na mamia ya walioambukizwa wanakumiminikia kwa pamoja. Unakimbia kati ya magogo, pumzi inakata, unatega bomu hapa, unaangusha mbao pale, unageuka kuona wamebaki wangapi. Karibu kila kitu ulichojifunza tangu mwanzo kinadaiwa pale.

Kwa kibanda usiinunue, ni ya mtu mmoja na ni ndefu, wateja watasusa. Kwa nyumbani inunue, iachie apdeti zake zishuke zote usiku wakati bando ni nafuu, na ukichoka na zile saa za mwanzo usiiuze kabla hujafika kwenye mbao.