Dawa ya dharura ya kifafa cha mbwa ni gani hiyo?

Mtu akikwambia mbwa wake ako na dawa ya dharura ya kifafa usifikirie ni zile tembe za kila siku, hizo ni kina fenobabito, anapewa asubuhi na jioni ndio asishikwe. Hii ingine inakaa tu kwa kabati ikingoja siku ameshikwa na imekataa kuisha. Mara nyingi ni diazepamu, ile watu wanajua kama Valium, ama midazolamu.

Kukataa kuisha ni dakika 5. Kawaida mbwa hutetemeka dakika moja ama mbili inaisha yenyewe, lakini ikipita 5, ama ashikwe tena kabla hajapata fahamu, joto la mwili linapanda na ubongo unaanza kuumia. Sasa piga hesabu, uko Rongai saa kumi na mbili jioni, daktari wa mifugo ako Westlands na jam ndio hiyo, dakika 5 zitaisha hata hujafungua geti.

Kitu hushangaza watu ni vile haipitii mdomoni. Mbwa amekakamaa hivo atapaliwa, na hata akimeza, ini linavunja diazepamu mingi kabla ifike kwa ubongo. Kwa hivo diazepamu inaingizwa huko nyuma na sirinji haina sindano, midazolamu inapuliziwa puani na kadude kanaifanya kama ukungu. Ya puani ndio wataalamu wanapendelea siku hizi na naona wako sawa, ju kulenga nyuma ya mbwa wa kilo 40 akirusha miguu si mchezo, ila chunga meno. Mambo ya kijiko mdomoni sahau, mbwa hamezi ulimi.

Kipimo anaandika daktari kulingana na kilo na dawa zingine anakunywa, huyo wa fenobabito mara nyingi huhitaji diazepamu zaidi, so usiazime ya jirani. Na usiivute mapema kwa sirinji ya plastiki ukaiweka, inashikana na plastiki nguvu inapungua, iache kwa chupa yake mbali na mwanga.

Ukishampea angalia saa. Akiamka atayumba kama mtu ametoka kwa pombe, hiyo ni dawa tu. Kliniki bado mnaenda, haswa kama alikula sumu ya panya ama aliogeshwa na dawa ya kupe ikazidi, ju hapo mwili umetulia lakini sumu bado iko ndani.