Ukimya wa uvivu si utulivu: guna tatu katika Bhagavad Gita

Wengi wanaoanza kusoma falsafa ya Kihindu huzigawa guna tatu, yaani sifa tatu za msingi za maumbile, kama aina tatu za watu: huyu ni wa satva, yule wa rajasi, mwingine wa tamasi. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, haisemi hivyo. Kwa mujibu wa sura ya 14, guna zote tatu zimo ndani ya kila mtu, na aya ya 10 inaeleza kwamba hupokezana: moja ikipanda, mbili hufifia. Tunachokiita hulka ni ile guna inayotawala mara nyingi zaidi, nayo hubadilika kwa mazoezi.

Satva ikitawala, akili huwa angavu. Rajasi huleta uchu, pilikapilika na kuanzisha mambo mengi kwa pupa. Tamasi huleta uzito, uzembe na usahaulifu.

Pa kuwa makini zaidi ni hapa: satva na tamasi, ukizitazama kwa nje, zinafanana. Zote zimenyamaza. Mtu mzito huketi kwenye taamuli, akasinzia huku mgongo umenyooka, kisha akaamini amepata amani. Swami Vivekananda, mtawa na mwalimu wa Kihindu, aliwaonya Wahindi wenzake juu ya jambo hilihili, akasisitiza kwamba walihitaji rajasi kwanza. Nakubaliana naye kabisa. Kipimo changu ni kuangalia kinachofuata baada ya kuketi: kama akili imetakata na wajibu uliokuwa unakwepwa sasa unafanyika, hiyo ni satva. Kama kichwa kina ukungu na kazi zimelala palepale, ulikuwa usingizi tu.

Kwa hiyo, anayeelemewa na tamasi nisingemwanzisha na taamuli ndefu. Aamke saa ileile kila siku, afanye kazi ya mwili, ahudumie watu, aimbe mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, kwa sauti. Wa rajasi asiambiwe aache kazi, atalipuka. Aendelee nayo, ila aachie madai juu ya matunda yake, kama inavyofundisha aya ya 47 ya sura ya 2. Wote wawili waheshimu sura ya 6, aya ya 16 na 17: kula kupita kiasi na kujinyima, kulala mno na kukesha, vyote huharibu yoga, yaani nidhamu ya kiroho.

Wengi hukata tamaa katikati kwa sababu ambayo sura ya 18 inaitaja waziwazi: furaha ya satva mwanzoni ni kama sumu na mwishoni ni asali ya uzima, ilhali ya rajasi ni kinyume chake.

Chakula, kinachozungumzwa sana, ni kipimo dhaifu cha guna. Mtu anaweza kuacha pilipili, inayohesabiwa chakula cha rajasi, akabaki na hasira zake. Sura ya 17 ina kipimo kikali zaidi, nacho ni utoaji. Je, unampa anayestahili, mahali na wakati ufaao, bila kutarajia malipo? Unatoa kwa kinyongo, ukihesabu faida? Au unatupa kwa dharau?

Hata satva ni kamba. Hufunga kwa kumfanya mtu apende raha yake na elimu yake, ndiyo maana wacha Mungu wengi huishia kwenye kiburi cha usafi. Katika sura ya 14, shujaa Arjuna anapouliza aliyevuka guna anajulikanaje, Krishna, mwalimu wake wa kimungu, anajibu kwamba mtu huyo hazichukii zinapokuja wala hazitamani zinapoondoka. Njia ya kufika huko anaitaja katika aya ya 26 ya sura hiyohiyo: bhakti, yaani ibada ya upendo kwa Mungu, isiyoyumba.