Si kila parkinsonizimu ni ugonjwa wa Parkinson

Nimelisikia tena kosa hili, safari hii kwenye kipindi cha redio cha Kiswahili hapa Kampala. Mpigaji simu anaeleza kwamba mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na kitu anayetumia dawa za akili, amekakamaa, anatembea kama mzee na mikono inamtetemeka. "Amepata Parkinson," anasema. Mtangazaji anampa pole, kisha anawaeleza wasikilizaji kwamba ugonjwa huo hauponi. Pole yake ilitoka moyoni. Maelezo yake, hata hivyo, yanaweza kumfanya kijana yule avumilie hali ambayo daktari angeweza kuiondoa.

Tuanze na maana. Parkinsonizimu ni jina la mkusanyiko wa dalili. Dalili ya lazima ni mwendo kuwa mzito na mdogo: hatua zinafupika, kufunga vifungo vya shati kunachukua muda, mwandiko unajikunja, uso hauonyeshi furaha wala hasira. Juu ya uzito huo lazima kuwe na kukakamaa kwa misuli, au kutetemeka kwa kiungo kikiwa kimepumzika, au vyote viwili. Ugonjwa wa Parkinson ni mojawapo tu ya mambo yanayoleta hali hiyo. Katika ugonjwa huu, seli za sehemu ya ubongo iitwayo sabstansia nigra hufa polepole, dopamini, kemikali inayobeba ujumbe wa mwendo kwenye ubongo, hupungua, na protini ya alfasinukleini hurundikana ndani ya seli. Homa na malaria ndivyo zilivyo: mwenye malaria huwa na homa, lakini si kila homa ni malaria, na sisi Waganda tumeumia vya kutosha kwa kusahau hilo.

Mchanganyiko huu una historia. Daktari James Parkinson wa London alipochapisha maelezo yake mwaka 1817, alieleza watu sita, na baadhi yao aliwaona barabarani tu. Hakupasua ubongo wa hata mmoja. Aliandika kile ambacho jicho linaona. Miongo kadhaa baadaye, Jean-Martin Charcot wa Paris ndiye aliyependekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson, kwa sababu jina la zamani, la kupooza kwa kutetemeka, halikumridhisha: wagonjwa hawakuwa wamepooza, na wengine hawakutetemeka kabisa. Nalitaja hili kwa sababu hadi leo watu wengi hupima ugonjwa huu kwa kutetemeka peke yake.

Kisha zikaja hali zilizofanana na ugonjwa huo lakini zikiwa na chanzo kingine kinachojulikana. Mnamo 1837 daktari wa Scotland, John Couper, alikuwa ameshaeleza wafanyakazi waliosaga madini ya manganizi na kupata udhaifu wa mwendo. Kuanzia 1917 ulisambaa ugonjwa wa kuvimba ubongo alioueleza Constantin von Economo wa Vienna, na wengi walionusurika, vijana kwa wazee, walibaki wameganda. Miaka ya 1950 ikaja klorpromazini, dawa ya kwanza ya kutuliza maradhi ya akili, na haukupita muda madaktari wakaona wagonjwa wao wanakakamaa. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga heroini bandia iliyochafuliwa na kemikali ya MPTP waliganda ndani ya siku chache. Hawa wote walikuwa na parkinsonizimu. Hakuna kati yao aliyekuwa na ugonjwa alioueleza Parkinson.

Parkinsonizimu inayoletwa na dawa ndiyo inayonigusa zaidi. Haloperidoli, klorpromazini na sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini kwenye ubongo. Dopamini ipo, seli zinazoitengeneza ziko hai, lakini ujumbe haupokelewi. Mtu anakuwa mzito, mara nyingi pande zote mbili za mwili kwa pamoja, wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza dawa au kuongezewa kipimo. Ugonjwa wa Parkinson wenyewe kwa kawaida huanza upande mmoja na kukua kwa miaka. Metoklopramidi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Plasil na kuinunua duka la dawa ili kuzuia kutapika, nayo huziba vipokezi hivyo hivyo. Mzee aliyeitumia miezi mingi kwa sababu ya tumbo anaweza kufika kliniki akiburuta miguu, na hakuna anayekumbuka kutaja kidonge kile, maana hakuna anayekihesabu kuwa dawa ya maana.

Daktari akipunguza kipimo au kubadilisha dawa, wengi hurudi katika hali yao ndani ya wiki au miezi. Wachache hawarudi, na hapo ndipo hugundulika kwamba ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umejificha na dawa imeufichua tu. Nasisitiza: daktari ndiye anayebadilisha. Mgonjwa wa akili akiacha dawa ghafla nyumbani, maradhi yanaweza kumrudia kwa nguvu, na familia itakuwa imetoka shimo moja kuingia jingine. Vilevile, kumpa levodopa, dawa ya Parkinson, mtu anayeendelea na haloperidoli hakumsaidii sana mwendo, na kunaweza kumvuruga akili upya. Ndiyo maana jina lisilo sahihi lina gharama.

Yapo pia magonjwa ya ubongo yaliyo jirani na Parkinson. Mmoja huanguka mara kwa mara tangu mwaka wa kwanza na macho yake hushindwa kutazama chini. Mwingine, shinikizo la damu humshuka kila anaposimama. Levodopa huwasaidia kidogo, au haiwasaidii. Kuna wenye viharusi vidogo vidogo vilivyowaachia miguu mizito huku mikono ikiwa salama. Na kuna wale ambao mkono hutetemeka wanapoinua kikombe cha chai na kutulia ukiwekwa pajani. Hawa wa mwisho mara nyingi hawana parkinsonizimu kabisa, ila mtetemeko wa kurithi, wenye dawa zake.

Hapa kwetu kuna safu nyingine. Katika Buganda, mzee akianza kutetemeka wengi bado husema ana buko, yaani amevunja mwiko baina ya mkwe na mama mkwe. Kipo chama cha wagonjwa na familia zao kilichojiita Parkinson's Si Buko ili kuipinga imani hiyo, nami nawaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu aibu ya buko imewafungia watu ndani. Ila nimeona jambo likitokea: familia ikishaacha buko, inarukia Parkinson moja kwa moja, na swali la katikati, la chanzo, haliulizwi. Mkwe ameondolewa lawama, na kidonge cha Plasil bado kiko mezani.

Watafiti nao wamelipia kosa hili. Mwaka 1992 wataalamu wa London walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu 100 waliofariki wakiwa wametambuliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Waliothibitika ni 76. Katika majaribio kadhaa ya dawa yaliyofuata, karibu mtu mmoja kati ya kumi ya wale walioandikishwa mwanzoni mwa ugonjwa alionekana kwenye picha za ubongo kuwa na mfumo wa dopamini ulio mzima. Mtu wa namna hiyo akiwa ndani ya jaribio, haongezeki ugonjwa apewe dawa au asipewe, na dawa nzuri inaweza kuonekana haina kazi. Kwa Afrika jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu utafiti wetu ndio kwanza unakua. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta kwamba wengi wa waliokuwa na ugonjwa huu hawakuwahi kutambuliwa. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliohusisha Wanigeria wengi ulionyesha badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Ugunduzi wa namna hiyo unategemea walioitwa wagonjwa wawe wagonjwa kweli. Kwa hiyo mtafiti akikuuliza kwa undani juu ya kila kidonge na kila sindano, hakuchunguzi tabia. Anatenganisha vyanzo.

Basi ombi langu ni dogo. Mtu akiwa mzito wa mwendo, kakakamaa, anatetemeka, tuseme ana parkinsonizimu, chanzo bado kinatafutwa. Tumpeleke kliniki pamoja na pakiti zote za dawa alizotumia mwaka huu, hata za tumbo, na kadi ya sindano kama anayo. Neno Parkinson tumwachie daktari alitamke baada ya kuziona.