Mnachoamini kuhusu Italia: sanaa, vijiji na mila, na ukweli ulivyo

Watu wa pwani tumewazoea Waitaliano, Malindi na Watamu wamejaa mpaka vijana wa ufukweni wanaongea Kitaliano kama cha kuzaliwa nacho, Kiwengwa kule Unguja hivyo hivyo. Ila cha ajabu, ikifika zamu ya mtu wetu kwenda kwao, iwe masomo, kazi, kumtembelea ndugu au hela imekaa vizuri tu, anaondoka na stori za kusikia ambazo nusu yake sio. Anapiga selfi pale Colosseo, ule uwanja wa kale wa Roma, anapanga foleni Vatican kutwa nzima, anarudi anatuambia Ulaya ni mawe na foleni. Nimeona niandike haya maana kila mtu akinipigia kuuliza aende wapi naanza kubishana nae upya.

"Sanaa ya maana iko makumbusho na makumbusho ni ghali"

Hii ndo inawakosesha watu vitu vingi kuliko zote. Picha nyingi za zamani Italia hazikuchorwa kwa ajili ya makumbusho, mtu aliagiziwa picha ya altare fulani ndani ya kanisa fulani, na nyingine mpaka leo hazijahama hapo. Chukua Caravaggio, mchoraji aliyeua mtu Roma mwaka 1606 akatoroka, akafa 1610 akiwa na miaka 38. Makumbusho zinagombania picha zake, lakini katikati ya Roma kuna makanisa matatu unaingia bure na unayazunguka yote kwa miguu: San Luigi dei Francesi ziko tatu za Mtakatifu Mathayo, Santa Maria del Popolo mbili, Sant'Agostino moja. Beba sarafu tu, maana kwenye makanisa mengi ya Italia pembeni ya picha kuna kiboksi, unatumbukiza hela taa inawaka dakika chache afu inajizima, na utacheka ukiona kundi la watu wazima wamesimama gizani kila mmoja anamsubiri mwenzie atoe sarafu.

Ya Sant'Agostino ndo mi naipenda kuliko zote. Bikira Maria kasimama mlangoni na mtoto mkononi, mbele yake mahujaji wawili wazee wamepiga magoti, na nyayo za yule mzee wa kiume zimekugeukia wewe unayeangalia, chafu, zimejaa vumbi la njia. Watu wa enzi zile walipiga kelele kweli kweli, miguu michafu juu ya altare! We simama pale mbele uone zile nyayo zilivyo karibu na uso wako, afu uniambie kama tiketi ya euro ishirini na kitu ingekupa zaidi ya hapo.

Masharti ni machache. Makanisa mengi yanafungwa mchana, kama saa sita na nusu au saa saba hivi mpaka saa tisa, kumi, na wakati wa misa huzunguki na kamera. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, mtandio au kanga inatosha kabisa. Na hata makumbusho yenyewe sio ghali kama ujanja unao, yale ya serikali ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, na chini ya miaka 18 ni bure siku zote, hata Uffizi ya Firenze (Florence) imo. Ila siku ya bure nenda asubuhi mapema au usiende kabisa. Na Jumatatu mengi yamefungwa, hii inawaumiza watu kila wiki.

"Mona Lisa iko Italia"

Haipo, iko Paris, makumbusho ya Louvre. Leonardo aliyeichora alihamia Ufaransa uzeeni akafia kule 1519 na picha ikabaki kwa mfalme. Mwaka 1911 fundi mmoja wa Kitaliano aliiba, ikapatikana Firenze 1913, akajitetea kwamba alikuwa anairudisha nyumbani baada ya Napoleon wa Ufaransa kuipora, wakati Napoleon hiyo hakuipora. Alichopora kweli kiko chumba hicho hicho, ukutani kwa upande wa pili, Harusi ya Kana ya Veronese, karibu mita 7 kwa 10, wanajeshi wake waliitoa kwenye bwalo la watawa Venezia mwaka 1797. Watu wanaipa mgongo wapate selfi na kapicha ka sentimita 77.

"Zile sanamu za kale zilikuwa nyeupe"

Zilipakwa rangi jamani. Nywele, midomo, nguo, vyote. Rangi imeisha kwa kukaa ardhini na mvuani, na zingine zimesuguliwa na watu wa baadaye walioona weupe ndo uzuri. Ile sanamu ya Augusto, mtawala wa Kirumi, iliyoko Vatican bado ilikutwa na mabaki ya rangi. Na mkiwa Firenze, sanamu ya Daudi anayesimama pale uwanjani nje ni nakala, wa Michelangelo mwenyewe aliingizwa ndani ya makumbusho ya Accademia mwaka 1873, ana zaidi ya mita 5. Huyo huyo Michelangelo hakuchora dari la kanisa la Sistina kule Vatican amelala chali kama watu wanavyosimulia, alichora amesimama shingo imepinda juu, akaandika mpaka shairi la kulalamika mwili ulivyomharibika, na pembeni akajichora mwenyewe kaelekeza mkono juu. Pale hairuhusiwi kupiga picha, walinzi wanafoka kila dakika, weka simu mfukoni.

"Sisi Waafrika hatumo kwenye sanaa yao"

Tumo, na sio kama watumwa peke yake. Nenda Verona, kanisa la San Zeno, kuna sanamu ya askofu mlezi wa mji huo, uso mweusi, kakaa anatabasamu. Zeno aliishi karne ya 4 na kwa mapokeo yao alitoka Afrika Kaskazini. Kisiwa cha Sicilia wana Benedetto, mtoto wa watumwa wa Kiafrika, mtawa, alikufa 1589 Palermo, akatangazwa mtakatifu 1807 na ni mmoja wa watakatifu walinzi wa Palermo. Sijui kwa nini hakuna anayewaambia wageni wetu haya, wanaishia kuoneshwa picha moja ya Mamajusi yenye mmoja mweusi wakatosheka.

"Sherehe zao za mila ni maonesho ya watalii tu"

Zipo za hivyo, sikatai, mtu kavaa kama askari wa Kirumi nje ya Colosseo anataka hela ya picha. Lakini Palio, mbio za farasi za mji wa Siena, usije ukaiweka kundi hilo, watakuchukia.

Siena imegawanyika mitaa 17, kila mmoja una bendera, kanisa lake, makumbusho yake ndogo na chemchemi ambapo watoto wanabatizwa kuwa watu wa mtaa huo, mbali na ubatizo wa kanisani. Majina ni ya konokono, bata bukini, kobe, kiwavi, na upo mtaa wa Twiga, Mtanzania utajisikia nyumbani. Mara mbili kwa mwaka, 2 Julai na 16 Agosti, mitaa 10 inaingiza farasi uwanjani, mizunguko mitatu, bila tandiko, dakika moja na nusu hivi imeisha. Farasi mtaa hauchagui, wanagawiwa kwa bahati nasibu siku chache kabla. Mpanda farasi ni wa kukodi, na mitaa inahongana waziwazi usiku kucha, hiyo sio siri ni sehemu ya mchezo. Akianguka mpandaji farasi anaweza kushinda peke yake. Mchana wa mbio farasi anaingizwa kanisani kabisa, padri anambariki na kumwambia nenda urudi mshindi, na akijisaidia humo ndani watu wanafurahi, ni bahati.

Zawadi je? Hamna hela, ni kitambaa kirefu cha hariri kilichochorwa na msanii, kila mbio kipya, na kinaenda kukaa kwenye makumbusho ya mtaa ulioshinda milele. Kwa hiyo ukiwa Siena siku ya kawaida kabisa ukapata nafasi ya kuingia kwenye makumbusho ya mtaa mmoja, unaona vitambaa vya karne kadhaa vimepangana, na mzee anayekuonesha anakumbuka kila mbio kama mechi ya Simba na Yanga.

Kusimama katikati ya uwanja ni bure, ila unakaa juani masaa, wakishafunga kutoka ni kazi, na vyoo usitegemee. Wapo Waitaliano wengi wanaoipinga pia kwa ajili ya farasi wanaoumia na kufa, hilo lina ukweli wake, kila mtu aamue.

"Wale wenye vinyago vyeusi Sardinia wanatudhihaki"

Picha zao zinazunguka kila Januari na Februari na watu wanachemka. Ulaya mambo ya kujipaka masizi kutuigiza yapo na yanastahili kulaaniwa, ila hawa wa kijiji cha Mamoiada, kisiwani Sardinia, ni kitu kingine. Wanaitwa Mamuthones, wanavaa kinyago cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi chenye sura ya huzuni, ngozi za kondoo, na mgongoni rundo la kengele za mifugo zinazoweza kufika kilo 20 hadi 30. Wanatoka 12 kwa mistari miwili, wanaruka kwa pamoja polepole ili kengele zote zilie kwa mpigo mmoja, na pembeni kuna 8 wa koti jekundu wanarusha kamba kunasa watu, ukinaswa wewe mgeni ni heri. Ni mambo ya wafugaji, msimu unaanza na mioto ya Mtakatifu Antonio tarehe 16 na 17 Januari. Maana yake hasa hata wasomi hawajaelewana. Kijijini kuna makumbusho ya vinyago, anza pale kabla ya kupost.

"Kijijini ni Wazungu watupu na hakuna kitu cha kuona"

Nani kakwambia. Mkoa wa Emilia, ile jibini maarufu ya Parmigiano, wanaokamua ng'ombe wengi ni Makalasinga waliohamia kutoka Punjab, na Novellara wana hekalu lao kubwa tangu mwaka 2000. Kusini, mkoa wa Puglia, mashamba ya nyanya utakuta Waafrika wenzetu, wengi kwenye hali ngumu sana, na huo ni upande ambao brosha za utalii hazigusi.

Na kuhamahama na mifugo wanajua pia. Kutoka L'Aquila mlimani mpaka Foggia tambarare kuna njia ya kondoo ya kilomita 244, upana ulipangwa mita 111, wachungaji walishuka nayo kukwepa baridi na kupanda tena joto likija, mfalme Alfonso wa Napoli akaanzisha ofisi ya kodi ya kondoo mwaka 1447, baadaye makao yake yakawa Foggia. UNESCO waliiandika mila hii 2019. Mmasai ukimpeleka pale hahitaji mtafsiri wa kumweleza, atauliza tu malisho yako wapi. Vipande vya njia hiyo mpaka sasa unaweza kuvitembea.

"Bila mwenyeji hupati kula wala kulala kijijini"

Kulala tafuta agriturismo. Kwa sheria lazima liwe shamba linalofanya kazi kweli, ukulima ndo shughuli kuu na wageni ni nyongeza, kwa hiyo jioni unakula vya pale pale, na usishangae mwenye nyumba akikuacha mezani akaenda kuangalia ng'ombe anayezaa.

Kula ulizia sagra, sherehe ya kijiji ya chakula kimoja, uyoga, nguruwe pori, chestnut mwezi wa kumi, kila kijiji na chake. Kwa Waislamu uliza kwanza kilichomo, nguruwe anaingia hata kwenye mchuzi wa maharage. Hakuna mwaliko. Unapanga foleni dirishani, unalipa kwanza, wengi wanataka keshi, unapewa karatasi yenye namba, unakaa meza ndefu na watu usiowajua, wapishi ni wamama na vijana wa kijiji wanaojitolea. Ukifika sema buonasera kwa meza nzima kabla hujakaa, wazee watakukodolea macho dakika mbili tatu, wakishasikia umewasalimia wanaanza kukuuliza unatoka wapi, na ukitaja Malindi au Zanzibar lazima mmoja aseme shemeji yake alienda.

Usafiri sasa. Basi za vijijini nyingi zinafuata ratiba ya shule na Jumapili zinaweza zisiwepo kabisa, tiketi unanunua dukani kwa muuza sigara kabla ya kupanda afu unaigonga kwenye mashine ndani ya basi, usipoigonga faini unalipa hata kama tiketi unayo mkononi. Sagra nyingi ni usiku wa wikiendi, kwa hiyo panga pa kulala hapo hapo au mtu mwenye gari kabla hujakaa mezani.