Mwanafunzi Ndani ya Chama cha Wakuzaji Viumbe Maji: Msaada Unaohitajika Baada ya Punguzo la Ada

Karibu kila chama cha kitaaluma cha ukuzaji viumbe maji, yaani ufugaji wa samaki na viumbe wengine wa majini pamoja na kilimo cha mwani, kina daraja la uanachama la wanafunzi, na mara nyingi daraja hilo hutambulishwa kwa jambo moja tu, yaani ada yake kuwa nafuu kuliko ya mwanachama kamili. Unafuu huo ni wa lazima. Hata hivyo, sisi tunaofundisha na kusimamia wanafunzi wa fani hii tumeona kwamba ada ni kikwazo kidogo kuliko vingine vingi. Mwanafunzi anaweza kulipa ada, akapewa namba ya uanachama na haki ya kusoma jarida, kisha mwaka ukaisha bila kufahamiana na mwanachama hata mmoja. Makala hii inaeleza ni wapi msaada unahitajika zaidi, hasa kwa wanafunzi wa Tanzania na wa nchi jirani, na chama chenye fedha kidogo kinaweza kuanzia wapi.

Vyama vyenyewe si vigeni. Miongoni mwa vikubwa ni Jumuiya ya Dunia ya Ukuzaji Viumbe Maji, inayofahamika kwa kifupi kama WAS, ambayo ilianzia Marekani ikishughulikia ufugaji wa viumbe wa baharini peke yake, na ikachukua jina lake la sasa mwaka 1986. Jumuiya hiyo ina matawi ya kanda, likiwemo Tawi la Afrika. Mkutano wake wa dunia ulifanyika Cape Town mwaka 2017, na baada ya hapo Tawi la Afrika limekutanisha wanachama Alexandria mwaka 2022, Lusaka mwaka 2023 na Hammamet, nchini Tunisia, mwaka 2024. Ulaya ina jumuiya yake tangu mwaka 1976, yenye kundi maalumu la wanafunzi. Marekani kuna chama cha uvuvi, AFS, kilichoanzishwa mwaka 1870 na wafugaji wa samaki, ambacho leo kina vitengo vidogo vinavyoendeshwa na wanafunzi wenyewe vyuoni. Kwetu, WIOMSA, jumuiya ya sayansi za bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar tangu miaka ya 1990, haishughulikii ukuzaji peke yake, lakini mpango wake wa ruzuku ndogo za utafiti, MARG, umewafaa wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu wanaotafiti mwani, majongoo bahari na samaki wa maji chumvi.

Swali la kwanza ambalo chama kinapaswa kujiuliza ni nani hasa anayehesabiwa kuwa mwanafunzi. Tuzo za vyama vingi hutolewa kwa ikisiri (muhtasari wa utafiti) bora, bango bora au wasilisho bora, na hizo zote ni kazi za mtu anayefanya utafiti, yaani mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, cha Dar es Salaam, cha Makerere au cha Eldoret. Lakini vijana watakaokuwa kando ya mabwawa na juu ya vizimba vya kufugia samaki ziwani kila asubuhi, wakipima oksijeni ya maji, wakihesabu vifaranga wa samaki waliokufa na kuamua leo walishe kiasi gani, wengi wao wanasoma cheti na stashahada katika kampasi za Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi kama vile Mbegani, Nyegezi, Kigoma na Mikindani. Hawa hawana tasnifu wala jedwali la takwimu la kuonyesha, kwa hiyo mfumo wa tuzo hauwaoni kabisa. Kwa maoni yangu huu ndio upungufu mkubwa zaidi katika namna vyama vinavyowatazama wanafunzi, na kuurekebisha hakuhitaji fedha nyingi. Chama kinaweza kuweka shindano la ujuzi wa vitendo, kwa mfano kutunza kumbukumbu za bwawa moja kwa msimu mzima, zikionyesha idadi ya vifaranga waliopandikizwa, chakula kilichotumika, vipimo vya maji, uzito wa samaki kila baada ya wiki mbili na hesabu ya faida au hasara wakati wa mavuno. Daftari kama hilo likitunzwa kwa uaminifu lina thamani ya kitaaluma, na mfugaji yeyote wa sato au kambale anayetaka kuajiri angependa kuliona kabla ya cheti.

Suala la pili ni mikutano, na hapa ndipo nia njema ya vyama hukwama mara nyingi. Mikutano ya WAS huwapa wanafunzi ada nafuu ya kujiandikisha na pia nafasi za kujitolea kumbini, kama vile kupanga mawasilisho na kusimamia muda, kwa kubadilishana na ada hiyo. Huo ni utaratibu mzuri, lakini tuangalie hesabu ya mwanafunzi anayetoka Morogoro kwenda Tunisia. Ada ya mkutano ni sehemu moja ya gharama, na nyuma yake zipo nauli ya ndege, viza, bima ya safari, malazi, chakula, kadi ya chanjo ya homa ya manjano pale inapodaiwa, na nauli ya basi kwenda Dar es Salaam kufuatilia nyaraka hizo, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Mwanafunzi anayetegemea mkopo wa elimu ya juu au msaada wa wazazi hana pa kuzitoa fedha hizo. Baadhi ya ufadhili hutolewa kwa masharti ya kurejeshewa gharama baada ya safari, yaani mwanafunzi atangulize fedha zake, atunze risiti, kisha alipwe wiki au miezi baadaye. Anayeweza kutanguliza nauli ya ndege ni yule asiyeuhitaji sana msaada huo, na yule aliyekusudiwa huandika barua ya kujitoa. Chama kinachotaka kumsaidia mwanafunzi kweli hukata tiketi chenyewe, hulipa hoteli moja kwa moja na kumkabidhi posho ya kujikimu siku anapofika.

Yapo pia mambo madogo yanayowakwamisha watu kuliko inavyodhaniwa. Malipo ya uanachama kwa dola kupitia kadi ya benki ni mtihani kwa kijana ambaye fedha zake zote ziko kwenye simu, na tawi la kanda lingeweza kumteua mtu katika kila nchi wa kupokea ada kwa fedha ya huko na kuiwasilisha kwa pamoja. Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza inapaswa kutoka mapema, ikiwa na jina lililoandikwa sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu herufi moja iliyokosewa inaweza kumrudisha mtu dirishani mwa ubalozi.

Chama cha kitaifa kikiwa na fedha za tiketi moja tu ya ndege, ningeshauri kifikiri mara mbili kabla ya kuinunua. Kwa kiasi kama hicho kinaweza kulipia nauli za basi na chakula cha wanafunzi wengi kutoka Mbegani, Nyegezi na Morogoro ili wakutane kwa siku mbili na wazalishaji wa vifaranga, watengenezaji wa chakula cha samaki na maofisa uvuvi wa halmashauri. Sisemi kwamba mikutano ya kimataifa haina maana. Huko ndiko mwanafunzi hukutana na mtu aliyeandika makala anayoinukuu, na ndiko makampuni makubwa ya chakula na vifaa hutafuta wafanyakazi. Ila safari ya namna hiyo iandamane na wajibu ulioandikwa, kwamba aliyesafiri atawasilisha kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi wenzake na wafugaji wa eneo lake, kile alichojifunza kinachoweza kutumika bwawani. Mikutano hiyo huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, hivyo mfugaji wa Ruvuma hatafikiwa na maarifa hayo asipokuwepo mtu wa kumfikishia.

Kabla ya safari kuna ikisiri. Tarehe ya mwisho ya kuiwasilisha huwa miezi kadhaa kabla ya mkutano, wakati ambapo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uzamili ndiyo kwanza anaanza kupima samaki wake. Matokeo yake ni ikisiri zinazoahidi kwamba matokeo yatajadiliwa, na waamuzi huzikataa kwa haki. Hapa mwanachama mwenye uzoefu anaweza kusaidia kwa saa chache tu. Tuseme mwanafunzi analinganisha ukuaji wa sato wanaolishwa unga wa funza na wale wanaolishwa dagaa, jambo lenye uzito kwa sababu chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za mfugaji na dagaa hao hao wanagombewa na binadamu. Mlezi atamwelekeza ajibu moja kwa moja alitumia matangi mangapi, alirudia jaribio mara ngapi, kilo ngapi za chakula zilitoa kilo moja ya samaki, na bei ya chakula hicho ilikuwa kiasi gani. Ikisiri yenye majibu hayo, hata ikiwa ya wiki nane za mwanzo, hupokelewa. Chama kiwe na orodha ya wanachama waliokubali kusoma ikisiri za wanafunzi, na kila mmoja asipangiwe zaidi ya wawili au watatu, kwa maana ulezi wa watu kumi huishia kwenye salamu.

Kuhusu tuzo nitasema kwa ufupi. Vigezo vitangazwe mapema, msimamizi asimpe alama mwanafunzi wake mwenyewe, na wale wasioshinda wapewe maoni ya maandishi, kwani wao ndio wanaoyahitaji zaidi.

Mafunzo kwa vitendo ni eneo ambalo chama kina uwezo ambao chuo hakina. Chuo humtumia mmiliki wa shamba barua ya maombi, na mmiliki, ambaye anaogopa magonjwa yanayobebwa na buti na nyavu za wageni, na pia anaogopa siri za biashara yake kutoka nje, huiweka kando. Chama ambacho mmiliki huyo ni mwanachama wake kinaweza kuandaa makubaliano ya kurasa mbili yanayoeleza mwanafunzi atafanya kazi gani, nani atamsimamia, takwimu ni za nani, na usafi wa vifaa utazingatiwaje kabla ya kuingia shambani. Makubaliano hayo yataje pia posho na usalama. Kazi ya vizimba katika Ziwa Victoria ni kazi ya mtumbwi na maji marefu, na haifai mwanafunzi kupelekwa huko bila jaketi okozi na bila kuulizwa kama anajua kuogelea. Kwa wanafunzi wa kike, malazi yenye faragha na jina la mtu wa kupokea malalamiko viwepo tangu siku ya kwanza. AFS ya Marekani inao mfano unaofaa kutazamwa, mpango wa Hutton, unaowapatia wanafunzi wa sekondari kazi ya malipo wakati wa likizo chini ya mtaalamu mmoja anayewalea.

Kupangiwa shamba vizuri huzaa pia maswali bora ya utafiti. Mfano ulio karibu nasi ni kilimo cha mwani Zanzibar, kilichoanza kibiashara mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Aina ya mwani inayolipa zaidi, inayoitwa kotonii, imekuwa ikidhoofika katika maji ya kina kifupi kadiri joto linavyopanda na magonjwa yanavyoishambulia, huku aina nafuu, spinosamu, ikistahimili. Wakulima waliliona hilo kwenye kamba zao kabla halijaandikwa majaridani. Mwanafunzi aliyekaa msimu mmoja Paje au Jambiani atarudi chuoni na swali lenye wenyewe, na akina mama wale watakuwa na sababu ya kumdai jibu.

Ndani ya chama chenyewe, wanafunzi hutumika sana na husikilizwa kidogo. Wao hugawa beji, hubeba vipaza sauti na kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii, lakini kamati tendaji inapokaa hawamo. Nafasi moja ya mwakilishi wao mwenye haki ya kupiga kura, iliyoandikwa katika katiba ya chama, ingebadilisha mengi, na wanaohofia kwamba vijana hawana uzoefu wakumbuke kwamba mwakilishi mmoja hawezi kuwashinda wajumbe wengine wote kwa kura.

Pengo la mwisho, ambalo halizungumzwi sana, huja baada ya mahafali. Siku mwanafunzi anapohitimu hupoteza ada nafuu, maktaba ya chuo, barua pepe ya chuo na mara nyingi chumba cha kuishi, na ndipo chama humtaka alipe ada kamili wakati bado anatafuta kazi. Wengi huacha kulipa na hawarudi tena. AFS ina daraja la wahitimu wapya lenye ada ya kati, na hakuna kinachozuia vyama vyetu kuendeleza ada ya mwanafunzi kwa miaka miwili baada ya kuhitimu. Sambamba na hilo, katibu wa chama atunze rejista inayoonyesha kila mwanafunzi alijiunga mwaka gani, alihitimu lini, anafanya kazi wapi sasa na namba yake ya simu ambayo si ya chuo. Rejista hiyo isomwe katika mkutano mkuu wa kila mwaka pamoja na taarifa ya fedha, ili wanachama waone ni wangapi kati ya waliojiunga wakiwa wanafunzi bado wamo, na wawaulize walioondoka sababu zao.