BGP ikikwama: "Active" si habari njema

BGP ni itifaki ambayo ruta hutumia kupashana njia za mitandao, na ruta inayoongea na yako huitwa jirani. Neno "Active" kwenye orodha ya majirani wa BGP huwapotosha wengi. Maana yake ruta bado inahangaika kufungua muunganisho wa TCP. Sera za njia ziache kwanza. Piga ping kwa jirani ukitumia anwani ya chanzo ileile inayotumiwa na BGP, kisha jaribu telnet kwenye poti 179. Ping ikijibu lakini poti ikagoma, chunguza faya-woli, au anwani iliyokosewa upande wa pili. Kama mnaongea kwa anwani za loopback (za ndani ya ruta, zisizofungwa kwenye laini yoyote) kati ya mitandao miwili tofauti, kumbuka pakiti hutoka na TTL (kikomo cha hatua za safari) ya 1. Bila kuweka multihop, yaani ruhusa ya hatua zaidi ya moja, haitafika.

Nenosiri la MD5, linalolinda muunganisho huo wa TCP, nalo lina visa vyake. Kwenye Cisco, logi ikisema "No MD5 digest", mwenzako hajaweka nenosiri. "Invalid MD5 digest" ni kwamba mmeweka tofauti. Nenosiri lililonakiliwa kutoka WhatsApp linaweza kuja na nafasi tupu mwishoni, na jicho halioni.

Ukipata notification (ujumbe wa kosa wa BGP) 2/2, namba ya AS, yaani namba ya mtandao wa jirani, haifanani na iliyotarajiwa. Namba za biti 32 za AFRINIC, msajili wa namba za intaneti Afrika, huanzia 327680, kwa hiyo ni rahisi kuruka tarakimu moja.

Ugonjwa unaokula muda zaidi ni huu: ofisi iko Mtumba, Dodoma, laini inakwenda Dar es Salaam, sesheni inafika "Established", halafu baada ya sekunde 180 inaanguka na notification ya 4, yaani muda wa kusubiri umeisha. Inarudi, inaanguka tena. Watu hukimbilia kuongeza muda wa kusubiri. Hiyo ni kuahirisha tu. Ujumbe wa OPEN wa kuanzisha sesheni ni mdogo na ule wa keepalive, wa kusema "bado nipo", ni baiti 19, kwa hiyo hupita popote. Update, yaani matangazo ya njia, zenye prefiksi (vikundi vya anwani) nyingi hujaza pakiti hadi baiti 1500, na kama katikati kuna handaki la GRE au VLAN iliyobana MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), pakiti hiyo inatupwa kimyakimya. TCP hupeleka data kwa mpangilio, hivyo keepalive zinazofuata zinakwama nyuma ya update ileile, kama magari nyuma ya lori lililozimika darajani. Jirani anahesabu ukimya, anakata.

Kuthibitisha, kwenye Linux (mwishoni weka anwani ya jirani yako):

ping -M do -s 1472 192.0.2.1

Hizo 1472 ukiongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP zinakuwa 1500. Kwenye MikroTik andika size=1500 pamoja na do-not-fragment, maana yenyewe huhesabu na vichwa. Ikigoma, shuka taratibu hadi ipite. Hapo umepata MTU halisi. Mwombe mtoa huduma arekebishe, na wakati unasubiri punguza MSS ya TCP, yaani kiasi cha data kwa kila pakiti.

Sesheni ikisimama lakini prefiksi ni sifuri, na FRR (programu huria ya ruta) ikionyesha "(Policy)", hujakosea kitu kwenye TCP. Tangu kanuni ya RFC 8212 ya 2017, ruta inayoifuata haipokei wala kutangaza njia za eBGP (BGP kati ya mitandao tofauti) bila sera iliyoandikwa. Weka route-map, yaani sera hiyo, pande zote mbili, ya kuingia na ya kutoka.

Unapomwandikia mtoa huduma, ambatisha logi zenye saa za UTC. Dodoma iko saa 3 mbele, na ukiandika "saa nne" tu, mmoja atatafuta 04:00 na mwingine 22:00.