Rangi moja, misimbo miwili: tunavyozisoma vibaya bili za patholojia

Mtu akiletewa bili ya kinyama alichokatwa hospitalini Marekani, huanza kuhesabu slaidi. Hapo ndipo anapopotea, maana misimbo ya CPT, yaani namba za huduma zinazoandikwa kwenye bili, inayomilikiwa na AMA, chama cha madaktari wa Marekani, haihesabu hivyo. Haya hapa ni madai matano yanayosikika sana.

"Kila slaidi ina malipo yake." Hapana. Rangi ya kawaida, hematoksilini na eosini, ile ya zambarau na waridi, haina msimbo wake. Imo ndani ya uchunguzi wenyewe. Kwa kinyama cha tumbo ni 88305. Bloku, yaani kipande cha nta chenye kinyama, ikikatwa tena na tena hadi slaidi zikafika sita, bado ni 88305 ileile. Slaidi za kuhakiki kama rangi imeshika, nazo hazidaiwi kando.

"Rangi ileile, msimbo uleule." Hili huwachanganya hata wazoefu. Chukua rangi iitwayo PAS. Ikitumika kusaka fangasi, inaingia 88312, kundi la vimelea, pamoja na Ziehl-Neelsen ya kifua kikuu na rangi ya fedha ya Grocott. Ikitumika kuangalia glaikojeni, sukari iliyohifadhiwa, kwenye ini, ni 88313, kundi la rangi ya madini ya chuma na trikromu inayoonyesha makovu. Chupa ni ileile, swali ndilo limebadilika. Na swali hilo lazima liandikwe kwenye ripoti, kwa sababu anayeweka misimbo hashiki darubini. Anasoma maandishi tu.

"Kingamwili huhesabiwa kama rangi nyingine." 88312 na 88313 huhesabiwa kwa kila bloku, lakini immunohistokemia, yaani upakaji unaotumia kingamwili, huhesabiwa kwa sampuli. Tuseme sampuli moja ya pafu ina bloku mbili. Grocott kwenye zote mbili ni 88312 mara mbili. Kingamwili ya TTF-1 kwenye zote mbili ni 88342 mara moja tu, na ukiongeza kingamwili ya pili, p40, hiyo ni 88341. Msimbo huu wa 88341 ulianza 2015. Mwaka 2014 Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ilitumia G0461 na G0462. (Ukikuta karatasi ya misimbo ya mwaka huo bado imebandikwa ukutani, ibandue.) Mchanganyiko wa kingamwili tatu za tezi dume, zinazotofautishika kwenye slaidi moja, ni 88344 mara moja.

"Bili mbili za slaidi moja ni wizi." Si lazima. Maabara iliyotayarisha slaidi hudai kwa kiambishi TC (kazi ya kiufundi) kinachoongezwa kwenye msimbo, daktari aliyeisoma kwa 26 (kazi ya kitaalamu). Shaka iingie pale mmoja anapodai kazi nzima, kisha mwingine naye akadai sehemu yake.

"Daktari akishaagiza, bima italipa." Maabara inayopaka rangi ya kusaka bakteria wa tumbo Helicobacter kwenye kila kinyama cha tumbo kabla mtu hajatazama slaidi ya kawaida inajitafutia kukataliwa. Medicare hutaka hematoksilini na eosini isomwe kwanza, kisha ripoti ieleze kwa nini haikutosha.